Nzi wa Darini

Asubuhi hii kitumbua kimeniungulia, na harufu ya nazi iliyoungua imejaa nyumba nzima hapa mtaani Mabela. Harufu hiyo hiyo ndiyo iliyojaa jiko letu la zamani, wiki niliyoacha shule, baada ya mama kumfuata baba kaburini.

Mdogo wangu wa kiume alikaa kizingitini na kitabu changu cha hesabu, akisoma Kiarabu cha shuleni na kututafsiria kwa Kiswahili. Kitabu kilisimulia kuwa hapo kale, huko Ulaya, inasemekana mwanachuoni mmoja alikuwa akilala kitandani mpaka adhuhuri akimtazama nzi darini, hata akagundua kuwa mahali pa nzi panaelezeka kwa namba mbili tu: umbali wake kutoka kuta mbili.

"Mpaka adhuhuri? Mvivu huyo!" akasema kitindamimba wetu.

"Mjinga wewe!" akajibu mwenye kitabu. "Alikuwa akifikiri. Ndicho kipaji hicho."

"Na chai," nikauliza, "akipikiwa na nani?"

Wakacheka. Msomaji wetu akapekua ukurasa. "Hawakuandika, dada."

Niliinua macho. Darini kwetu pia alikuwapo nzi. Nikampima kwa macho kutoka ukuta wa dirisha, nikapata namba ya kwanza, nikageukia ukuta wa mlango.

"Dada, kinaungua!"

Nikainama kukigeuza kitumbua. Nilipotazama tena juu, nzi kesharuka.