Ukuta wa Mwashi na Gari la Mama Spana

Mtaani walimwita Mama Spana, ingawa kazi yake ilikuwa cherehani. Asubuhi alishona sare na mashuka. Alasiri alivaa ovaroli la marehemu baba yake, lililompwaya kama hema, akaingia uvunguni mwa gari. Wateja waliofuata nguo zao walizungumza na miguu yake.

Gari lilikuwa Landrova kuukuu. Baba yake, dereva wa wapima barabara, alilinunua alipostaafu. Alipofariki, ndugu waligombania makabati na redio. Binti akasema, "Mimi nipeni gari." Wakampa huku wanacheka, maana gari lilikufa kabla ya mwenyewe. Likavutwa kwa kamba hadi uani kwa mumewe, na kuku wakalipokea kwa furaha. Mmoja mwekundu akafanya kiti cha dereva kuwa kiota chake.

Mume alikuwa mwashi hodari, na mdomo wake hodari zaidi. Mkewe alikwenda kumuuguza dada yake, akarudi akakuta ua umezungushiwa ukuta mpya, lipu laini kama shavu la mtoto, na kigeti cha chuma cha kupita mtu na toroli, basi.

"Baba watoto, gari litatokea wapi?"

"Gari lipi? Hilo banda la kuku?"

"Nauliza litatokea wapi."

"Siku likifika kwenye ukuta huu kwa miguu yake, bila kusukumwa, nitaubomoa kwa mkono wangu mwenyewe!"

Mama mkwe, aliyekuwa barazani akichambua mchele, aliinua kichwa. "Nimesikia," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Mama Spana naye alikuwa amesikia. Injini aliielewa upesi. Kwake ilikuwa cherehani kubwa lenye hasira: palipolia palitaka mafuta, palipogoma palikuwa na uchafu. Viti alivishona kwa turubai, mshono mara mbili. Kilichomtoa jasho ni difu ya mbele, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Aliifungua akakuta meno yamevunjika kama kinywa cha bondia mzee. Bila hiyo gari lingetembea kwa magurudumu ya nyuma tu. Wengi wangeridhika. Yeye alikataa.

"Gari la baba lilivuta kwa miguu minne. Siwezi kufufua kiwete."

Alitafuta hadi akaipata difu nzima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, chini ya rundo la mabati. Alimlipa kwa kumshonea suruali.

Basi jioni moja mwashi akatangaza: "Jumamosi mnunuzi wa vyuma anakuja kulikata hilo gari. Nataka kujenga vyumba vya kupangisha hapo. Nimevumilia vya kutosha."

"Sawa," akajibu mkewe.

Mwanamke akisema sawa kwa sauti ile, mwenye akili huuliza kuna nini. Mwashi alijinyoosha akalala.

Cherehani likafunikwa kitambaa. Wateja walinung'unika, nguo zikasubiri. Mama Spana alifunga breki, akasafisha kabureta, akamhamisha kuku mwekundu na mayai yake kwenye karai. Injini ilikuwa imeshawahi kunguruma, lakini gari lenyewe lilikuwa halijasogea hata shubiri.

Jumamosi ua ulikuwa uji mtupu kwa mvua. Mnunuzi akaingia kwa kigeti, akiviringisha mtungi wa gesi wa kukatia.

"Shemeji, samahani. Kazi ni kazi."

"Huna kosa, shemeji. Simama pembeni, usije ukachafua suruali niliyokushonea."

Mama Spana akapanda, akawasha. Gari likakohoa, likanyamaza. Mwashi akakuna tumbo, anatabasamu. Mkewe akawasha tena, likapiga chafya, likatoa moshi mweusi, halafu likanguruma hadi sufuria jikoni zikatetemeka. Akaachia klachi. Gari likasogea! Likapita karai la kuku mwekundu, likafika katikati ya ua, na hapo magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, yakimrushia mwashi tope kifuani.

"Limefika mwisho wa safari!" akapiga kelele, akijifuta. "Leta mtungi!"

Mama Spana hakumtazama. Akashika wenzo mdogo wenye kirungu chekundu, akauvuta. Chini ya miguu yake difu ikaitikia, ta! Magurudumu ya mbele yakauma ardhi, gari likajiinua topeni kama nyati, likaenda polepole, likasimama kiganja kimoja tu kutoka kwenye lipu laini.

Mnunuzi akapiga kofi pajani. "Jamani, difu yangu!"

"Ilikuwa yako," akasema Mama Spana.

Mama mkwe alikuwa ameshafika na nyundo kubwa, anaiburuta. "Mwanangu, shika."

"Mama, nilikuwa natania..."

"Mimi sikucheka. Shika."

Mwashi akapiga. Ukuta haukutikisika. Akapiga tena, jasho likamtoka, vumbi likamjaa nyusi.

"Nani alijenga ukuta huu mgumu hivi?" akafoka.

"Fundi bora kuliko wote mtaani," akajibu mkewe kutoka dirishani, na alikuwa hatanii. Hapo mwashi akacheka mwenyewe, akavua shati, akaupiga kwa moyo wote hadi kigeti kikaanguka na pengo likafunguka hadi barabarani.

Mnunuzi hakurudi mikono mitupu, aliondoka na kigeti. Mwashi akaenda mlango wa mbele wa gari, akamkuta mama yake ameshakaa kitini, kuku mwekundu mapajani.

"Panda nyuma," akaambiwa.

Akapanda na nyundo yake, na Landrova ikatoka.