Rael na Assignment Iliyopanda Lori la Chai

Siamini bado, jamani. Jana nilipiga simu ya Rael kumsalimu tu, ikapokewa na binti yake. Kabla hajasema neno, nilikuwa nimeshajua.

Kwa wale ambao hamkumjua: Rael alikuwa mwalimu mwenzangu wa primary kule Sosiot, na ndiye sababu mimi nina digrii. Ametuacha akiwa na wajukuu tele, na ng'ombe aliowapenda kuliko baadhi yetu.

Miaka ya tisini chuo kikuu kilikuwa cha watu wengine. Sisi tulikuwa na watoto, ng'ombe na chai. Rael ndiye alisikia kwamba mtu anaweza kusomea digrii akiwa nyumbani, vitabu vikija kwa posta na assignment zikirudi kwa posta.

Akanijazia fomu bila kuniuliza! "Wewe weka sahihi tu, mwalimu. Maswali utauliza ukisha-graduate."

Darasa letu lilikuwa buying centre, pale wakulima hupeleka majani chai yapimwe. Lori la kiwanda lilichelewa kila siku. Wengine wakipiga domo, sisi tumekalia magunia tunasoma. Mpaka karani wa mizani akajiunga.

Lori likitokea kwenye kona, Rael anafunga kitabu. "Haya, darasa limeisha."

Sasa cheki ujinga wangu. Siku moja mvua ilinikuta pale na assignment ya mwisho ya mwaka, deadline ya kuiposti ni kesho. Nikaifunga kwa nailoni, nikaificha katikati ya majani kwenye kikapu changu ili isilowe. Zamu yangu ikafika, karani akapima, majani yakamwagwa kwenye gunia la kiwanda. Nilikumbuka lori likiwa limeshaenda.

Nililia pale pale mbele ya watu. Nilikuwa nimejiapia kwamba nikirudia mwaka, naacha masomo kabisa. Na Rael alijua.

Akaniambia nimsubiri posta asubuhi, akadandia trekta ya jirani hadi kiwandani. Akawasihi wafanyakazi wapekue gunia moja baada ya jingine.

Asubuhi akanikuta posta, gumboots zimejaa matope, bahasha mkononi. "Mwalimu, hii kitu yako ilibaki kidogo tu inywewe Ulaya!"

Nilipita. Mhadhiri aliandika pembeni, "Kazi nzuri. Mbona inanukia chai?" Tulicheka hadi machozi.

Miezi baadaye ndipo nikajua kwamba siku ile assignment ya Rael mwenyewe ilikuwa nusu. Muda wa kuimalizia aliumaliza kwenye magunia. Aliyerudia mwaka ni yeye.

Nilimfuata shambani kwake kumuuliza kwa nini alininyamazia. Hakuacha hata kuchuma. "Chai ukichuma leo, wiki mbili iko hapo tena. Mimi najijua, nitachipuka. Wewe ungekauka."

Na kweli alichipuka. Siku ya graduation yake nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Karani wa mizani naye alifuata kupata digrii, halafu walimu wengine watatu wa pale pale kwenye magunia.

Kwa hiyo nalia, ndiyo, lakini moyo wangu umetulia. Aliishi vizuri huyu mama.

Rael, kongoi, asante sana. Kila nikikushukuru ulikuwa unanikatiza, leo utasikiliza kwa lazima. Digrii iliyo ukutani kwangu ina jina langu, na mwaka wako mzima uko ndani yake.

Lori limetokea kwenye kona, rafiki yangu. Funga kitabu sasa.

Lala salama, mwalimu.