Homa Ilipona, Wivu Ukabaki

Mume wangu alifanya kazi katika maabara ya hospitali, Tororo, na mimi nilikuwa mwanamke mwenye wivu. Nalisema mapema kwa sababu kila nikihadithia miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, wasikilizaji huanza kumtafutia yeye kosa. Kosa alikuwa nalo, ila si lile nililomshtaki.

Mimi ni Msamia, kwetu Lunyo, upande wa Busia. Yeye alizaliwa karibu na mwamba wa Tororo, na lugha ya mama yake ni Kidhopadhola. Yangu hakuijua, yake sikuijua, kwa hiyo ndoa yetu ilikwenda kwa Kiswahili cha mpakani, kile cha kuulizana bei ya samaki. Kilitutosha kwa chumvi na maji na mtoto akikohoa. Lakini ukitaka kumwambia mtu kwamba unaogopa kumpoteza, kilipungua.

Kazi yake aliisomea Kampala. Huko alimpata mwalimu aliyewafundisha kwamba ulimwengu wote ni vitu, na kitu kisichoweza kushikwa wala kupimwa ni hadithi za watu. Alirudi akiwa ameacha kanisa, isipokuwa siku ya Krismasi, na hiyo alikwenda kwa ajili ya mama yake. Tulipofikisha mwaka wa ndoa, jioni moja tukichambua maharagwe uani, nilimuuliza kama ananipenda.

"Mapenzi ni damu tu, mama," alinijibu. "Kuna tezi ndani ya mwili. Natoa maji yake, maji naingia kwa damu, halafu mtu naona mwingine ni mzuri. Hata moyo ni pampu tu."

"Na mimi je?"

"Na wewe pia. Wewe, mimi, ng'ombe, wote namna moja."

Hakusema kwa ubaya. Uso wake ulikuwa umechangamka, kama mtu anayekupa zawadi nzuri. Lakini mimi nilibaki na maharagwe mkononi nikiwaza kwamba kama mapenzi ni maji, basi yanaweza kumiminwa kwenye chombo chochote kilicho karibu.

Mtoto wetu wa kike alikuwa ameanza kutambaa nesi mpya alipoletwa pale hospitali. Alikuwa Mjaluo kutoka upande wa Kenya, msichana mrefu, gauni lake jeupe limenyooshwa hata mikunjo inaweza kukukata. Kijaluo na lugha ya mume wangu ni ndugu. Mmoja akisema kwa lugha yake na mwingine akajibu kwa yake, wanaelewana, na pale wasipoelewana wanacheka. Nilikwishasikia watu wakisema hivyo, lakini sikuwahi kuwaza kwamba jambo hilo lingekuja kunihusu.

Nilikuwa nikimpelekea mume wangu chakula cha mchana, ugali wa muhogo na wimbi pamoja na samaki, nimefunga bakuli kwa kitambaa. Siku hiyo nilipita nyuma, upande wa dirisha, kukwepa foleni ya wagonjwa. Nikawaona. Wameinama pamoja juu ya hadubini, ile mashine ya kutazamia vijidudu. Yeye aliweka jicho, akarekebisha kitu kwa vidole viwili, akampisha nesi. Nesi akatazama. Akasema neno moja, "Ber."

Neno hilo nililijua. Mama mkwe wangu alilisema juu ya mtoto, juu ya mvua, juu ya uji ulioiva sawasawa. Ni zuri, ni jema, yote mawili kwa mara moja. Na mume wangu akajibu, "Ber," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu.

Hawakuwa wameshikana. Laiti wangeshikana ningejua la kufanya, ningeingia na bakuli langu. Lakini watu wawili wakitazama kitu kizuri pamoja, utawashtaki nini? Niliacha chakula kwenye benchi la nje nikarudi nyumbani na donge kooni.

Kwetu wanawake hutofautisha kijicho na wivu. Kijicho ni kutaka cha mwenzako. Wivu ni kuogopa chako kisichukuliwe. Mimi nilipata vyote viwili. Nilitaka urefu wake, lugha yake, hata ule unyoofu wa gauni lake, na wakati huohuo nilimlinda mume wangu kama mtu anayelinda wimbi lililoanikwa, ndege wakiwa mtini. Nilinusa mashati yake, yakanuka spiriti na jasho lake mwenyewe. Nilimwomba jirani anifundishe Kidhopadhola, nikajifunza maneno ya kuku na kuni, nikayasema mezani. Mume wangu akanisahihisha kwa upole, na upole ule ukanichoma kuliko kama angecheka. Nilianza kupeleka chakula nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Kisha nikaacha kukipeleka kabisa, nione kama ataulizia. Hakuulizia, akaanza kula ndizi.

Mwisho nilibeba mtoto nikapanda basi kwenda kwetu. Nilikaa Lunyo juma zima nikilima na mama shamba la muhogo, na kila baiskeli iliyopinda njia ya kwetu nilinyoosha mgongo kuitazama. Hakuja. Siku ya sita ililetwa barua yake. Alisalimu wazee, akauliza kama mvua imenyesha, akaomba nikipita Busia nimpeleke mtoto kliniki apimwe uzito, kwa sababu alikuwa amepungua kidogo. Jina la nesi halikuwamo, na langu pia halikuwamo.

Niliporudi Tororo kichwa kiliniuma njia nzima. Viungo vilikuwa kama vimetwangwa. Sikushangaa. Nilijua wivu unamla mtu, na nilidhani sasa umefika kwenye mifupa. Sikwenda nyumbani. Nilimwachia jirani mtoto nikaenda moja kwa moja hospitali, nikaingia maabara bila kubisha hodi.

Alikuwa peke yake. Akainuka. "Mmerudi? Mtoto iko wapi?"

"Kwa jirani. Nimekuja upime damu yangu."

"Unaumwa?"

"Wewe ulisema kila kitu kiko ndani ya damu. Mapenzi yako huko, uzuri uko huko. Basi wivu wangu pia uko huko. Utoe, uweke kwa hiyo mashine yako, unionyeshe."

"Wivu ya nani?"

"Pima kwanza."

Mtu mwingine angenigombeza au angenituliza. Yeye alinawa mikono. Hivyo ndivyo alivyokuwa, ukimwomba kipimo anapima. Alinichoma kidoleni, akapaka tone kwenye kipande cha kioo, akalisambaza, akalimwagia dawa ya rangi ya zambarau, akasubiri. Nilikaa nimeegemea ukuta nikitetemeka. Muda wote huo nilimweleza kwa Kiswahili chetu kifupi yale niliyoyaona dirishani: vichwa viwili, neno moja. Hakunikatiza. Aliosha kioo, akakikausha, akaweka jicho.

Alikaa hapo muda mrefu. Nami, sioni haya kusema, niliogopa. Niliogopa kweli kwamba amekiona, kitu cheusi chenye miguu, na kwamba atakipa jina.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa, "una malaria. Mingi sana."

Nilicheka mpaka nikalia. Yeye akaja kunishika paji la uso, akasema naungua, na nikaona usoni mwake amepata nafuu, kama mtu aliyekwisha kujibu swali. "Ndiyo sababu," alisema. "Homa naleta mawazo mengi. Utakunywa dawa, itakwisha."

Basi nikanywa klorokwini, chungu kama nini, ikaniwasha mwili wote. Alinipikia uji mwenyewe. Alimbeba mtoto mgongoni kwa leso yangu, na majirani wakaja kutazama mwanamume mwenye mtoto mgongoni wakijifanya wameleta kuni. Siku ya tatu asubuhi niliamka mwepesi. Nikajichunguza kama anavyochunguza yeye, kwa utaratibu. Kichwa, kizima. Viungo, vizima. Njaa, ipo. Kisha nikamkumbuka yule nesi anavyoinama, na donge likapanda mahali pake palepale.

Alipoleta chai nilimwambia, "Homa imepona. Ile nyingine bado iko."

"Kabisa?"

"Kabisa. Haikupungua hata kidogo."

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akiwa na kikombe mkononi. Nilingoja anieleze habari za tezi. Akasema, "Basi mimi sijui."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo juu ya jambo lolote. Nikapata ujasiri wa kuuliza lile lililokuwa chini ya mengine yote. "Kwa nini ulimwita yeye kutazama, na mimi hujaniita hata siku moja?"

"Nilikuita," akasema.

"Lini?"

"Mwezi ya kwanza ya ndoa. Nilileta kioo ya kukuza kutoka kazini. Nilikuonyesha bawa ya kipepeo. Wewe ulitazama, ukasema, sasa hii itatusaidia nini, ukarudi kupepeta wimbi. Mimi niliona haya. Nikasema, vitu hivi si vya nyumbani."

Sikukumbuka. Nilijaribu, hata leo najaribu, na sikumbuki kipepeo wala kioo. Nakumbuka wimbi, maana siku zile nilipepeta wimbi kila siku ili mama mkwe asiseme mwanawe ameoa mvivu. Lakini sikumwambia amesema uongo. Maneno yale yalikuwa yangu, nilijisikia mwenyewe ndani yake.

Ungedhani hapo wivu ungekufa. Haukufa. Uligeuka tu ukalalia ubavu mwingine. Sasa nilimwonea nesi wivu kwa kuwa alipoitwa alijua la kusema.

Baada ya miezi michache nesi alihamishwa kurudi kwao Kenya. Nilipata habari hiyo nikafurahi kwa siri, nikamsonga mtoto kwa busu. Kisha Jumamosi moja nilikuwa Busia kununua samaki wakavu, nikamkuta karibu na kizuizi cha mpakani, ameketi juu ya sanduku lake la bati, akingoja mwenye baiskeli amvushe. Hakuwa na gauni jeupe. Alikuwa msichana tu aliyechoka na safari. Ningeweza kupita. Yeye ndiye aliyeita.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba."

"Najua unanichukia."

"Sikuchukii," nikasema. "Nakuonea wivu."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema Kiswahili safi kuliko changu, nikamwonea wivu kwa hilo pia. "Una haki. Nilimtaka mume wako, dada. Sitakudanganya, sasa naondoka. Nilijipanga, nilijipamba, nilisimama karibu naye mpaka nikasikia anavyopumua. Hakuona. Yule anaona mdudu ndani ya tone la damu, lakini mtu aliyesimama ubavuni mwake hamwoni."

Mwenye baiskeli akafika, akafunga sanduku kwa kamba ya mpira. Nesi akapanda nyuma kwa ubavu, akanipa mkono. Nilimpa wangu. Walipita kizuizi, wakachanganyika na wanawake wenye mikungu ya ndizi upande wa pili.

Nilipaswa kushukuru, na sehemu yangu ilishukuru. Lakini njia yote ya kurudi Tororo kilichonikereketa ni kwamba alikuwa amemweleza sawasawa. Neno kwa neno, huyo ndiye mume wangu. Nilidhani mimi peke yangu duniani ndiye niliyejua jinsi kulivyo kusimama ubavuni mwake bila kuonekana, kumbe hata kwa hilo tulikuwa wawili.

Nilimwambia mume wangu nimekutana na nesi na amesalimu. Mengine sikumwambia. Ila nilimwambia nataka kuja kutazama, si damu, kitu kingine. Jumatatu alichota maji ya kinamasi kwenye chupa. Nilipoweka jicho sikuona kitu ila kope zangu mwenyewe, nyeusi, zikicheza. Akanielekeza. Kisha nikaona mviringo wa kijani ukizunguka polepole, na ndani yake miviringo mingine midogo, na yote hiyo ikienda zake bila kujua kwamba natazama.

Nikitaka kusema kweli, sikuuona uzuri kiasi alichouona yeye. Niliona kwamba ni safi, na ni kijani. Lakini mkono wake ulikuwa begani mwangu, na alikuwa ameacha kupumua akingoja nitakachosema, mtu mzima, baba wa mtoto, akiogopa. Nikamwambia kwa Kisamia, kwa sababu kwa Kiswahili sikuwa nalo, kwamba kinazunguka kama mtoto anayecheza ngoma peke yake. Hakuelewa. Akataka nimfasirie, nikajaribu, tukashindwa, tukajaribu tena.

Mume wangu hakurudi kanisani. Mpaka uzeeni alishikilia kwamba mwanadamu ni damu na maji na chumvi, na akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea aliwapa chai na kuwauliza hali ya mapafu yao. Mimi niliendelea kusali, na sijawahi kuwaambia wenzangu kwamba amepotea kabisa, kwa sababu vijidudu vilikuwamo kweli, alivihesabu. Siku hizi najua wivu wangu nao ulikuwa na mwili: ulikuwa na koo, ulikuwa na tumbo, ulininyima usingizi. Labda siku moja watakuja watu wenye hadubini kali kuliko yake watuonyeshe mahali unapokaa. Sitabishana nao. Nitawauliza tu wakishauona wataniambia nini kuhusu yule msichana, mbona mpaka leo, nikimwona mwanamke mrefu amepanda baiskeli kwa ubavu, natazama kwanza kama ni yeye.