Springi ya Baba

Nakumbuka adhuhuri moja pale Kilosa, mwanangu, matenga ya nyanya yamejaa kwenye pikapu ya kaka yangu Hamisi, nami nimekwisha kaa mbele, tukauze Mikumi. Baba, aliyekuwa fundi wa magari kwenye mashamba ya mkonge, alifunua boneti akaguna. Springi ya mafuta ilikuwa imekatika, na Hamisi, kama madereva wengi wa kwetu, alikuwa amefunga kipande cha tyubu ya baiskeli mahali pake.

"Sikiliza," Baba alisema. "Ukikanyaga mafuta, waya huu unafungua kilango ndani ya kabureta. Hewa inaingia, inavuta petroli, injini inakwenda mbio. Lakini mguu wako unajua kufungua tu. Kinachofunga ni springi. Mpira ukishapata joto, utafunga nini?"

"Mbona jana mpira huuhuu ulinifikisha Msowero, Baba?" Hamisi aliuliza.

"Ngoja niswali, nikitoka nikufungie springi."

Hamisi hakungoja. Nyanya zitaoza, alisema. Kijana na usukani wake, nani atamweza!

Tulipopita Zombo, kwenye mteremko wenye kona, aliondoa mguu, gari likazidi kunguruma. Mpira ulikuwa umelegea, kilango kimebaki wazi. Badala ya kuzima injini aliinama kuvuta pedali kwa mkono, tukaingia korongoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika lilikuwa langu. Hamisi walimzika nikiwa hospitali.

Mama ndiye aliyenisimulia kwamba Baba alitoka msikitini na springi mkononi, akakuta alama za matairi tu. Aliitundika msumarini, na mpaka anafariki hakuna aliyethubutu kuigusa. Bado inaniuma, mwanangu, sitakuficha.

Najua magari yenu ya sasa pedali inaongea na kompyuta. Mambo ni yaleyale. Kabla hujatoka, kanyaga uachie, uone kama inarudi. Ikikwama njiani, toa gia, kanyaga breki, macho yabaki barabarani. Na si gari tu: hasira, pombe, mapenzi, kila unachokifungua ujue kwanza kitafungwa na nini. Mzee akikuambia ngoja, ngoja. Nyanya ziache zioze, nyingine zitapandwa.

Haya, nenda. Mungu akufikishe, mwanangu, na aliyekufikisha akurudishe nyumbani.