Dada wa Kwenye Boti

Siku walipomzika Benta Aoko, kila aliyesimama kumzungumzia alianza na jambo lile lile: alikuwa na mdomo. Shemeji yake alisema hivyo. Mchungaji naye akasema hivyo, ila kwa maneno ya kanisa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, nimefura kwa hasira. Mdomo! Kweli alikuwa nao, nani Luanda Kotieno nzima asiyejua? Lakini mtu azikwe na mdomo wake peke yake, kana kwamba Mungu hakumpa kitu kingine?

Mimi naitwa Nabututu. Ni Mbukusu, kwetu ni upande wa Kimilili. Haya ninayoyasema sikuyatamka kwa miaka kumi, kwa sababu yangemharibia Benta nyumbani kwake. Sasa amelala chini, hakuna wa kumfanya lolote.

Mwaka wa themanini na sita nilikuwa nikiishi Nyalenda, Kisumu, mjane wa seremala mmoja wa Mbita aliyeitwa Dishon. Kifua kilimwondoa, tukamzika kwao ng'ambo ya ziwa, nikarudi mjini na mimba yake. Wakwe zangu hawakunifukuza, lakini hawakunipenda pia. Waliniita jamwa, mtu wa kabila lingine, na mama mkwe alisema wazi, mbele ya watu, kwamba huyu atazaa mtoto wa Dishon halafu ampoteze huko mjini. Nikazaa. Wa kiume. Nikamwita Absalom, jina alilolichagua baba yake mwenyewe kabla hajaniacha.

Absalom alipokuwa anaanza kushika ukuta na kusimama, malaria ikampanda kichwani. Nilimkimbiza hospitali. Tulilazwa kina mama wawili kitanda kimoja, kila mmoja na wake, na manesi walijitahidi, siwezi kuwasemea vibaya. Alikata roho alfajiri mikononi mwangu, mwenzangu wa kitandani akiwa bado anakoroma.

Sikulia. Nilijua nikilia nesi atakuja, na nesi akija mtoto ataenda chumba cha maiti. Kumtoa huko kunataka gari na sanduku na wanaume wa kukusemea, na mimi mwanamume wangu alikuwa udongoni. Nilikuwa nimesikia kwamba wasio na wenyewe huzikwa pamoja, shimo moja, bila jina. Mtoto wa Dishon! Basi maneno ya mama mkwe yangekuwa kweli: nimempoteza mjini. Nikaapa atalala karibu na baba yake hata kama nitatembea juu ya maji.

Nikamfunga mgongoni kwa leso, nikamfunika kichwa na shali, nikatoka. Askari wa getini aliniuliza, "Amepona, mama?"

"Amelala, baba."

"Mungu ni mkubwa," akasema, akanifungulia.

Ndani ya basi nilikaa nimeinama mbele ili asiegemee kiti. Tulipopita Kisian kifua kikaanza kuniuma, nguo ikalowa. Saa yake ya kunyonya ilikuwa imefika, na matiti hayakuwa yameambiwa. Mzee aliyekaa kando yangu aligeuza uso kwa heshima. Nilitazama mashamba ya watu mpaka Luanda Kotieno, na sikumbuki hata shamba moja.

Pale ufuoni ndipo kazi ilipokuwa. Boti za kuvuka kwenda Mbita hazikuwa zinabeba maiti na abiria pamoja. Maiti inakodiwa boti yake, na boti hiyo inaoshwa, tena kuna wenye boti wanaokataa kabisa. Mwenye boti ya siku hiyo alikuwa Msamia mmoja mkali, Wabwire. Nilimsikia akimwambia mtu kwamba injini yake iliwahi kuzimika katikati ya ziwa kwa sababu ya jambo kama hilo, na hatarudia.

Nikapanda na wengine. Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke mnene, mfupi, na vikapu vya nyanya.

"Wewe!" akanifokea. "Unakanyaga nyanya zangu! Huna macho? Mguu wa mtoto wako uko ndani ya kikapu changu, unataka anitobolee nyanya kwa kucha?"

"Pole, mama."

"Pole nitaiuza sokoni? Toa mguu!"

Akaushika mguu wa Absalom autoe mwenyewe. Akanyamaza.

Nilihisi vidole vyake vimeganda pale pale, juu ya ule mguu mdogo wa baridi. Nikageuka, tukatazamana. Macho yake yalikuwa yanajua. Nikajua mimi nimekwisha, sasa huyu mwenye mdomo atapiga kelele, na nitateremshwa na maiti yangu mbele ya ufuo mzima. Akauachia mguu taratibu, akaufunika na leso, akakaa. Watu waliomzoea wakashangaa kelele zimeishia wapi.

Tulipofika kwenye maji makubwa upepo ukachafuka. Wimbi moja likapiga ubavu wa boti, maji yakatumwagikia vichwani, baridi kweli kweli. Watoto wote walio botini wakapiga mayowe kwa pamoja. Wangu maji yalimtiririka usoni, na hakutikisika.

Boti nzima ikanigeukia. Unajua watu wanavyotazama kitu wasichotaka kukiona? Wabwire akamwachia mwenzake usukani, akaja akiruka mabenchi.

"Mama, hebu nione huyo mtoto."

Nikashika fundo la leso kwa mikono miwili.

"Wabwire," ikasema sauti nyuma yangu, "umeanza lini unesi?"

Watu wakacheka kidogo. Yule mwanamke wa nyanya alikuwa ameshasimama. "Huyo ni mtoto wa dada yangu. Ametoka hospitali, wamemdunga sindano ya kulala. Mwamshe, halafu umbembeleze wewe mpaka Mbita!"

"Dada yako? Huyu si Mbukusu? Nimemsikia akiongea."

"Baba yangu alizunguka, bwana! Kwani wako alikaa nyumbani?"

Hapo boti ililipuka kwa kicheko. Hata wale waliokuwa wameogopa walicheka, nadhani kwa sababu walikuwa wanataka sana kucheka. Lakini Wabwire hakutoka. Alibaki amesimama, ananyoosha shingo.

"Dada, lete huyo mtoto anyonye," yule mwanamke akaniambia. "Wewe umechoka."

Akamtoa mgongoni mwangu yeye mwenyewe. Akamlaza mkononi, akafungua kifua mbele ya Wabwire, akamtia Absalom titi mdomoni, ule mdomo uliokwisha kupoa. Akavuta shali juu yao.

"Vuta, kijana," akasema kwa sauti kubwa. "Pole pole bwana, usinimalize! Anavuta kama baba yake."

Mwanamume gani atasimama kumkodolea macho mama anayenyonyesha? Wabwire aliona haya, akarudi kwenye injini yake. Safari nzima iliyobaki mwanamke yule alimpakata hivyo, akitupa matani huku na kule, jasho likimtiririka na upepo ule wa baridi.

Nataka mnielewe hapa. Kwa watu wa ziwani, kuna chira. Ni laana ya anayevunja mwiko, inakuja pole pole, wewe unakonda na mtoto wako anakonda, na dawa ya hospitali haiioni. Mama mwenye mtoto mchanga hasogelei maiti hivi hivi, sembuse kuipa titi. Na msidhani huyu mwanamke alikuwa mtu wa kudharau mila. Aliamini chira kama anavyoamini mvua. Sikuwa ndugu yake, hakujua hata jina langu, na dakika chache kabla alikuwa ananitukana kwa ajili ya nyanya.

Mbita tuliposhuka, aliviacha vikapu vyake palepale kwenye mawe, akatangulia na mtoto. Tulipopita nyumba za mwisho za soko akauliza, "Anaitwa nani?"

"Absalom."

"Wa nani?"

"Wa Dishon, yule seremala."

Tukapanda kilima. Tulipoliona boma akasimama, akanipa mtoto. "Sasa lia."

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Nilikuwa nimekifungia kilio tangu alfajiri, kikakataa kutoka.

"Lia, mama! Mtoto haingii kwao kimya!"

Nikatikisa kichwa. Basi akaweka mikono kichwani, akalia yeye. "Uuuwi! Absalom mwana wa Dishon amekuja kwa baba yake! Uuuwi! Amerudi nyumbani!" Mungu wangu, sauti ile! Wanawake walitoka kila nyumba wakikimbia. Mama mkwe akampokea mjukuu wake mikononi mwangu, akamtazama sana, na hakunitupia hata neno moja baya. Wakamzika siku hiyo, kando ya baba yake.

Nilipomtafuta yule mwanamke nilimkuta nyuma ya ua, amejiinamia, anakamua maziwa yake yamwagike chini. Alikuwa amejipaka majivu kifuani, kana kwamba majivu yangeizuia chira.

"Una mtoto?" nikamwuliza.

"Miezi mitatu," akasema, akafunga nguo, akashuka kuwahi boti.

Siku za matanga zilipokwisha nikavuka kurudi. Pale ufuoni niliulizia mwanamke wa nyanya mwenye mdomo, nikaonyeshwa kwa Benta mara moja. Nilimsikia mtoto akilia nikiwa bado njiani, kile kilio chembamba cha mtoto aliyechoka kulia. Benta alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha uji mwepesi na kijiko, uji umemjaa mtoto shingoni, hautaki kushuka. Mashavu yake yalikuwa yameshabonyea.

"Mbona humnyonyeshi?"

"Nimewaambia maziwa yamekauka."

"Yamekauka?"

Akaangalia kama kuna mtu karibu. "Titi hili limelisha maiti, mama. Siwezi kumpa Tom."

Nilitaka kumzaba kibao, haki ya Mungu. "Umempa wangu aliyekufa, sasa wako aliye hai afe njaa?"

"Kwa hivyo nifanye nini? Niambie! Nimpe, nimwue?" Na yeye, Benta wa mdomo, akaanza kulia kama msichana.

Kifua changu kilikuwa kimefungwa na kitambaa, walivyonifunga Mbita ili maziwa yaishe. Hayakuwa yameisha. Kila Tom alipolia yalikuja, yakauma.

"Nipe huyo mtoto," nikasema.

"Wewe umefiwa. Hayo ni maziwa ya msiba."

"Yako ni ya maiti, yangu ni ya msiba, na uji umemshinda. Chagua."

Tom alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililotutisha wote wawili. Benta akafuta pua kwa mkono. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema kwa Kiswahili chake cha kupinda, akaninyooshea mtoto.

Tom alinigonga na kichwa mara mbili akitafuta, akashika. Alivuta kwa nguvu mpaka nikaumia. Na hapo ndipo nikalia. Nilimlilia Absalom wangu nikiwa na mtoto wa mwingine kifuani, nikalia mpaka sauti ikakauka, na Benta akanishika mabega na hakuniambia ninyamaze.

Nilikaa pale Luanda Kotieno mpaka Tom alipoanza kula ugali, halafu nikaendelea kukaa, nauza nyanya. Benta aliwaambia watu kwamba dada yake amekuja kumsaidia. Hakuna aliyeamini, ila nani angethubutu kumbishia?

Mume wake alitangulia, kwa ugonjwa huu wa siku hizi ambao watu wanautaja kwa macho. Mwaka huu ukamfikia yeye. Nilimwosha, nikamlisha, akawa mwepesi hata kumgeuza haikuwa kazi. Siku moja alinishika mkono akaninong'oneza, "Nabututu. Ndiyo hii?"

Nilijua anauliza nini. Miaka kumi alikuwa anaingoja, kila mtoto alipokohoa.

"Hapana," nikamwambia. "Tom yuko darasa la nne na anakula ugali wa watu wawili. Kama hii ndiyo chira, basi ilipotea njia." Akacheka kidogo. Sijui kama aliniamini.

Basi siku ya kuzika, walipokwisha kusema habari za mdomo, wakawaita ndugu zake wa kike wasogee kwenye sanduku. Nikainuka. Shemeji yake akanizuia kwa mkono.

"Tumesema ndugu. Wewe ni jamwa, wewe ni nani yake?"

"Mimi ni dada yake," nikasema. "Aliniita hivyo mwenyewe, mbele ya boti nzima."

Wakatazamana, hawakuelewa. Tom akasogea, akanipa nafasi. Nikaweka mikono kichwani, nikalia kwa sauti ile ile aliyomlilia mwanangu, nikimtaja jina lake, kwa sababu mtu haingii kwao kimya.