Kaseti Iliyokwama Ndani ya Redio

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi mmoja wa mtaa wa Batsinda, nikamwomba aing'oe redio ili niifunge kwenye gari la dada yangu. Akaitazama ile skrini pana, akanitazama na mimi, akatabasamu kwa huruma. "Madamu, hii haitoki. Humu ndani iko kamera, iko feni, iko kila kitu. Nikiitoa, gari inabaki kipofu." Nilimshukuru, nikarudi kwenye usukani, na kabla ya kuwasha nikajikuta nacheka peke yangu. Kwa maana redio yangu ya kwanza, rafiki yangu, niliihamisha nikiwa na miaka kumi na miwili, nimevaa sketi ya shule.

Tulikaa Kanombe, karibu sana na uwanja wa ndege, kiasi kwamba ndege zikitua vikombe viligongana kabatini. Papa alikuwa na gari dogo jeupe alilorudi nalo kutoka Tanzania, na ndani yake redio ya kaseti. Kaseti moja ilikuwa imekwama humo zaidi ya mwaka. Kitufe cha kuitoa kilivunjika, lakini yenyewe ilicheza tu: upande mmoja ukiisha, unageuka wa pili. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ilikuwa kaseti ya harusi ya shangazi, kule Karagwe, na aliyesikika akiwasifu ng'ombe wa mahari mmoja mmoja, kwa majina na pembe zao, alikuwa Sogokuru, babu yetu. Alifariki kabla hatujarudi Rwanda. Picha yake tulikuwa nayo moja, na kwenye hiyo picha amefumba macho.

Basi kila Jumapili baada ya misa, Nyogokuru, bibi yetu, aliketi kiti cha mbele cha gari lililosimama uani, mlango wazi, ungo wa maharage mapajani. Jikoni isombe, mboga ya majani ya mihogo, inachemka, harufu yake inajaa uani, na Sogokuru anasifu ng'ombe.

Gari lile usukani wake ulikuwa kulia, na kwa kuwa kwetu Rwanda huendeshwa upande wa kulia wa barabara, magari ya namna hiyo yalikuwa yakiondoka mjini moja baada ya jingine. Papa akapata mnunuzi kutoka Tanzania, naye Papa akanunua kilori kizee cha kubebea viazi. Mnunuzi alifika Jumamosi asubuhi. Mama alipomweleza habari ya kaseti, akasema kwa upole, "Shemeji, redio chukueni. Ila mimi saa sita niko barabarani, nawahi mpakani."

Zilibaki saa mbili. Papa alichomeka visu viwili vyembamba vya mezani kwenye kingo za redio, Mama akigumia kwa ajili ya visu vyake. Redio ikasogea kidogo, kisha ikagoma. Papa akashika vizuri, akaweka mguu tayari kuvuta.

"Buretse, Papa!" nikapiga kelele. Ngoja. Nilikuwa nimechungulia kwa chini nikaona nati imeishika kwa nyuma. Mkono wake haukupita. Wangu ulipita. Nililala chali sakafuni mwa gari, vumbi linaniingia machoni, nikaifungua ile nati kwa kugusa tu, kidogo kidogo. Kabla Papa hajakata nyaya, nilifunga kila moja uzi wa rangi yake kutoka kwenye kikapu cha ushonaji cha Mama, nikaandika daftarini uzi upi ni wa umeme na upi ni wa spika. Redio ikatoka nzima. Nyogokuru aliipokea kwenye kanga kama anayepokea mtoto mchanga.

Jirani yetu, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege, alikuja kusaidia kuifunga kwenye kilori. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, akaingia ndani ya kilori na koleo mkononi. "Redio ni redio tu," akasema. "Nyekundu kwa nyekundu, tunamaliza."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, karibu na sanduku la betri. Nilihesabu mara mbili. "Papa, hii iko na betri mbili."

"Na kisha?" jirani akauliza.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametufundisha wiki ileile: betri mbili zikifuatana, nguvu zinajumlishwa. Redio yetu ilizoea volti kumi na mbili. Kilori kingeipa ishirini na nne. Nilisema hivyo. "Ukiunga hapo, itaungua. Sogokuru ataungua."

Jirani alicheka. Papa hakucheka. Alimwangalia mama yake aliyesimama na kile kifurushi cha kanga, kisha akanigeukia mimi. "Sasa tuunge wapi?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali kama lile na kungoja jibu. Nikamwonyesha: tuchukue umeme kwenye betri moja tu, ile ambayo waya wake mweusi umefungwa kwenye bodi ya gari. Papa akaunga kama nilivyosema. Jirani akarudi nyuma hatua mbili, kwa tahadhari.

Taa ndogo ya kijani ikawaka. Mkwaruzo, vigelegele vya Karagwe, halafu Sogokuru akaendelea na ng'ombe palepale alipokuwa ameachia. Tulimpandisha Nyogokuru kwenye kiti kile kirefu, Mama anasukuma, Papa anavuta. Alikaa, akasikiliza, akasema kwa Kinyarwanda, akiiambia redio wala si sisi, "Umechelewa leo."

Mnunuzi aliondoka saa sita kamili, gari jeupe likipiga honi mpaka kona.

Kaseti iliendelea miaka kadhaa, kila mwaka sauti ikizidi kuwa nzito, mpaka ukabaki mvumo mtupu. Leo kilori hakipo, ua ule umejengwa ghorofa, na Nyogokuru tulimzika akiwa mzee sana. Nyaya nimefunga nyingi tangu siku ile. Ndiyo kazi inayonilisha, na mikono yangu naiamini. Lakini majina ya wale ng'ombe, niliyokuwa nayajua yote kwa moyo, yamenitoka. Limebaki moja tu, Gaju, wa rangi ya hudhurungi, na nikiwa peke yangu kazini huwa nalitamka kwa sauti, ili na lenyewe lisiondoke.