Kinu yangu wameigeuza meza

Wandugu, leo nilikasirika mpaka kofia ilitaka kuruka!

Mutoto wa dada yangu alipoolewa, wengine walimuletea sahani na termos. Miye nilimupa kinu ya kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. Niliichonga mwenyewe, mti wa milima ya Mulenge. Ng'ombe mbili zilishindwa kuuvuta, nikaubeba na bega moja. (Unabisha? Kuja uone bega.)

Leo amenialika kula. Sombe tamu! Nikawaambia wakwe zake wote: "Munasikia? Huo utamu iko wa kinu yangu!"

Mutoto anaangalia chini.

Nikaingia mu jikoni kuisalimia kinu yangu.
Wameipindua kichwa chini! Juu yake wamekalisha mixeur ya courant, kale kamashini ka umeme ka kusagia, bado iko na majani ya sombe!

"Mujomba, usikasirike," mutoto ananiambia. "Bila kinu yako, mixeur ingekaa wapi?"

Nikaibeba kinu yangu kichwani, nikarudi nayo mchana kweupe, watu wanachungulia.

Mama watoto wangu ananingojea ku mulango: "Weye, unaleta hiyo ya nini? Sisi hapa sombe tunapelekaka ku mashini ya kusaga."

Tangu lini?!

Wanaume wenzangu, kabla ya kunicheka, muulize kwanza kwenu sombe inasagwa wapi.